Karatasi Uliyoitia Dole Gumba

Kalenga, Iringa
Mwezi wa saba, 1957

Mama,

Ugonile, Mama. Nakuamkia kwanza kwa lugha yako, halafu niendelee kwa Kiswahili, maana ndicho nilichofundishwa kuandika, na Kinyakyusa changu siku hizi kimeingiwa na Kihehe. Ungenicheka.

Najua hukujua kusoma. Lakini neno hili siwezi kulisema kwa mdomo mbele ya mtu, na kukaa nalo nimeshindwa. Nilikukasirikia miaka sita, Mama. Nilipofika siku ya tatu baada ya wewe kuzikwa, watu wa ukoo walinisamehe kwa ajili ya matope ya barabarani. Hayakuwa matope.

Nianzie Mbeya, hospitalini.

Nilikuwa nimemzaa Kristina, huyu wetu wa mwisho, na wiki ya tatu nikashika jembe kwa sababu mahindi yalikuwa yanamezwa na majani. Kikaanza kitu kushuka. Mwanzoni ulikuwa uzito tu wakati wa jioni, halafu nikawa nakigusa ninaponawa, halafu nikichuchumaa kinatoka chenyewe. Nilimficha mume wangu, baba Yustina, nilimficha na mama yake mzazi. Wewe ndiye niliyekuambia ulipokuja kumwona mtoto, na wewe hukushtuka. Ulisema, "Kizazi kimeshuka. Tunakwenda kutibiwa kwetu, hapa watakusema." Tukapanda lori mpaka Mbeya, mtoto mgongoni mwako, mimi nimekaa upande mmoja kama mtu mwenye jipu.

Baba Yustina alikuja baadaye. Alikuwa kambi ya barabara huko Chimala, si mbali sana. Siku moja kabla ya kupasuliwa nilikuwa na homa, nikalala mchana. Nilipoamka nikawaona kupitia dirishani. Wewe na yeye, mmesimama nyuma ya ile miti ya misindano, unamwambia kitu huku kidole chako kikimgusa kifuani. Mkwe na mama mkwe, Mama. Wewe ambaye kwa heshima ulikuwa humtazami hata usoni. Nilipojikongoja nikatoka nje mkanyamaza wote wawili. Na nikaona dole gumba lako lina wino wa zambarau.

Nikakuuliza umetia dole kwenye nini. Ukasema, "Karatasi ya kukutibu tu, lala." Ukaangalia ukutani.

Ningeweza kulisahau hilo. Lakini kitanda cha pili alilala mama mmoja Msafwa, na usiku wa pili baada ya kupasuliwa kwangu aliniambia kwamba yeye walimtoa kizazi bila kumwambia, alijua baadaye kabisa, kwa mume wake. Akasema wanafanya hivyo, wanawapa ndugu karatasi. Mimi nimelala pale na nyuzi zangu, nahesabu: karatasi, wino, miti ya misindano, ukutani. Nikajua. Yaani nilidhani nimejua.

Tulirudi Kalenga na sikupata mimba tena. Mwaka wa kwanza nikasema kidonda kinapona. Mwaka wa pili baba Yustina akahamishia mkeka wake chumba cha pili, akasema mgongo unamuuma, sululu za barabarani zimemwua. Akirudi kutoka kambini alikuwa ananieleza safari yake kwa urefu mno, lori liliharibikia wapi, walilala kwa nani, ugali ulikuwaje. Mume wangu si msemaji. Mtu asiye msemaji akianza kueleza, unamwangalia vizuri. Na mama mkwe naye hakukosa la kusema. Aliniambia jikoni, anapepeta mahindi, hata hanitazami, "Mwanamume asiyelala kwake ana pa kulala."

Nikayaunga mambo yote. Mama yangu ameniuza, nilisema moyoni. Amekubali nitolewe kizazi, mume anajua, anatafuta wa kumzalia, na wote wananionea huruma kwa siri. Ndiyo sababu ulipokuwa unatuma salamu kwa madereva nilikuwa najibu kwa maneno mawili. Ndiyo sababu ulipotuma mchele wa Usangu niligawa wote kwa majirani.

Mwaka lile fuvu la chifu lililochukuliwa na Wajerumani liliporudishwa hapa Kalenga, wageni walijaa mpaka vichakani. Kila nyumba ilipika, kila nyumba ilitafuta maji. Nilipanda kutoka mtoni na debe la maji kichwani mara saba tangu asubuhi. Mara ya saba, pale kwenye mteremko wenye mawe, nikasikia kitu kimeachia ndani, kama mshono wa nguo ya zamani. Sikuanguka. Nilifika nyumbani, nikatua debe, nikaingia ndani, nikatia mkono. Kimerudi.

Sikukuambia. Kwa nini nikuambie? Nilikuwa najiuliza pia, kama kizazi walikitoa, hiki kinachoshuka ni nini? Nikajibu mwenyewe kwamba ni utumbo, kwamba waliacha tundu. Mtu mwenye wasiwasi hakosi jibu. Nikawa najifunga kitambaa, nafua kwa kujificha, nakaa kanisani nyuma kabisa ili nitoke wa kwanza.

Halafu mwaka jana wakati wa masika yule dereva wa lori la mbao akaja mpaka mlangoni. Akasema, "Mama yako anaumwa, anakutaka, ana neno." Mama, nilimsikia vizuri. Nikafikiri, sasa anataka nimsamehe ili afe vizuri. Nikafikiri labda si mgonjwa hata, ni hila ya kunivuta. Nikasema nitamaliza kupalilia kwanza. Nilipalilia siku nane. Hayo ndiyo matope niliyowaambia watu.

Tangu uzikwe, hasira imeendelea ila haina wa kumwelekea. Ikaniingia mimi. Kile kitu kikaanza kuchubuka kwa kusuguana na nguo, kikatoa damu, na mwezi wa pili mwaka huu nikaogopa. Nikamwambia mama mkwe nakwenda mjini kuuza maharage. Nilibeba maharage kweli, kidogo, nikayaacha kwa mtu njiani aniuzie, nikaenda hospitali ya misheni iliyo upande wa pili wa mji, ambako hakuna anayenijua.

Daktari pale ni mzungu, kijana, mikono baridi. Anayetafsiri ni mkunga mmoja Mbena, mama Verediana, mwanamke mnene anayetembea taratibu na haonyeshi haraka kwa mtu yeyote. Daktari akanipima, akasema maneno mengi, marefu. Mama Verediana akaniambia, "Anasema anaweza kukushona tena."

Nikamwambia, hapana. Maneno yake yalikuwa mengi kuliko hayo. Nimeshaelezwa nusu mara moja, kule Mbeya, sitaki mara ya pili. Alinitazama, nikadhani atanifukuza. Akavuta kigoda akakaa. Akanieleza yote. Kwamba kushonwa mara ya pili kunawezekana, lakini palipokwisha kushonwa ni pagumu, na kinaweza kushuka tena hasa kama nitaendelea kubeba mizigo. Kwamba wapo wanawake wanaoishi nacho bila kisu, wakikitegemeza na kujitunza. Kwamba si lazima niamue leo.

Ndipo nikamwuliza lile swali ambalo ningekuuliza wewe. Kama kizazi changu kilitolewa Mbeya, hiki ni nini?

Akavaa glavu tena, akanigusa, akasema, "Nani kakuambia huna kizazi? Hiki hapa, mkono wangu umekishika. Ndicho kinachokusumbua. Kingekuwa kimetolewa ningejua."

Mama. Nililia mpaka daktari akaingia kuuliza nimeumizwa wapi.

Unaona ilivyokuwa. Miaka mitatu nilikuwa nakisukuma ndani kwa vidole vyangu mwenyewe, na sikukijua.

Nilikataa kushonwa. Mama Verediana akaniwekea pete ya mpira, duara kama ya watoto kuchezea, ngumu kidogo, inakaa ndani na kukizuia kisishuke. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ilinibana nikashindwa kukojoa vizuri, nikarudi siku ya pili nimejaa maneno: nilidhani wananijaribia. Akanibadilishia ndogo zaidi bila kubishana. Hiyo ikakaa. Nilitembea kutoka pale mpaka njia ya Kalenga, nikachuchumaa kichakani makusudi, nikasimama, nikachuchumaa tena. Hakikutoka kitu. Nilikaa pale kwenye majani, nikasahau hata kurudi kuchukua bei ya maharage yangu.

Alinifundisha kuitoa mwenyewe kila wiki, kuiosha kwa sabuni, kuiacha ipumzike usiku mmoja, kuirudisha asubuhi kwa mikono safi. Alinifundisha kukaza. Unakaza huko chini kama mtu anayezuia mkojo, unahesabu mpaka tano, unalegeza, unarudia. Nilidhani ananidhihaki. Ni dawa gani isiyo na majani wala sindano? Lakini nikafanya. Nafanya nikisonga ugali, nafanya kanisani padri akihubiri, na hakuna anayejua. Alinikataza kukaa jikoni kwenye moshi mpaka nikohoe, alinikataza kusukuma kwa nguvu chooni, akaniambia nile maboga na majani na ninywe maji mengi. Na alinikataza debe.

Hapo ndipo ubishi ulipo, Mama. Mwanamke wa hapa asiyebeba debe ni nani? Nilimwambia mama Verediana, labda uje ubebe wewe. Akasema, "Mlete mumeo."

Sikutaka. Nilikuwa bado na neno langu naye. Lakini aliporudi kutoka kambini mwezi wa tatu nikamkalisha mchana, watoto wako shuleni, mama yake yuko shambani, nikamwambia kila kitu: pete, kitambaa, damu. Halafu nikamwuliza nyuma ya miti ya misindano mliongea nini.

Akavua kofia. Alisema ile karatasi alikusomea yeye, kwa sababu wewe hukujua kusoma na nesi alikuwa na haraka. Ilisema kwamba ikibidi wakati wa kupasua, waruhusiwe kukitoa kizazi. Wewe ukakataa. Nesi akasema bila dole hakuna kupasuliwa. Ukamtuma yeye amwulize daktari kama watakiacha, wakitoe pale tu ambapo nitakufa wasipokitoa, na daktari akasema ndiyo. Ndipo ukatia dole.

Kwa hiyo sikukosea kabisa, Mama. Uliitia dole. Hilo lazima tuliseme.

Halafu akasema ulimtoa nje ukamwambia, "Mwanangu akizaa tena hiki kitarudi, na safari ijayo kitamwua. Mwache. Ukishindwa kumwacha, nirudishie." Akasema alikuahidi. Akasema ulimwapisha asiniambie, kwa sababu ningejiona si mwanamke.

Miaka yote ile, mkeka chumba cha pili. Nilimwuliza, na huko barabarani? Akasema, "Hakuna mtu huko." Nikamwuliza, mbona unaeleza safari kwa urefu? Akasema alikuwa anaona nilivyokuwa namwangalia, akadhani akieleza yote nitatulia.

Mama, ni wewe tu unayeweza kuniambia kama hayo ni kweli. Karatasi iko Mbeya, daktari yule alikwisha rudi kwao, na wewe uko kwenye udongo. Nina neno la mwanamume mmoja tu. Kuna siku naliamini tangu asubuhi mpaka jioni. Kuna siku akikunja shati lake nanusa kola.

Tulikwenda naye kwa mama Verediana. Mengine tuliyoyauliza pale sitayaandika, wewe ni mama yangu. Tuliporudi akachukua baiskeli, akafunga madebe mawili nyuma, moja kila upande, akashuka mtoni. Wanaume waliokuwa kilabuni kwenye pombe ya ulanzi walisimama kumtazama. Mmoja akamwuliza kama ameolewa. Aliendelea kusukuma baiskeli. Akiwa kambini, maji anateka Yustina, kidumu kidogo kidogo, na mimi nachukua sufuria moja ya mkononi.

Mama mkwe aliona yote hayo na hakusema kitu, na hilo likanitisha kuliko maneno yake. Mwanamke yule hawezi kuona mwanawe anateka maji akanyamaza bila sababu.

Jumamosi moja mwezi wa tano nikaitoa pete, nikaiosha, nikaiweka kwenye bakuli na kuifunika kitambaa, nikaipandisha juu ya kabati la nguo. Asubuhi nanyoosha mkono, bakuli lipo, kitambaa kipo, pete haipo. Aliyeweza kuingia chumbani kwangu ni mmoja tu, mama mkwe. Nilijua amempelekea mtu wa dawa kitu kilichotoka mwilini mwangu. Nilijua sasa ananimaliza ili mwanawe aoe. Sikula chakula alichopika siku hiyo. Niliwazuia na watoto, nikawapa viazi nilivyochemsha mwenyewe. Alituona.

Siku ya pili jioni akaja mlangoni kwangu. Anatembea miguu imeachana, taratibu, ameshika ukuta. Akaingia, akafunga mlango, akafungua ncha ya kanga yake, akatoa pete, imeoshwa, akaiweka mkononi mwangu.

Akasema, "Haikai. Changu ni kikubwa."

Sikuelewa mara moja, Mama. Akabaki amesimama, mtu mzima yule, anatazama sakafu. Akasema kimeshuka tangu alipomzaa baba Yustina. Baba Yustina ana mvi. Alisema alijua ninachoficha tangu ile siku ya debe la saba, kwa jinsi nilivyotembea, kwa sababu ndivyo yeye alivyotembea. Na hakusema kwa sababu naye angelazimika kusema lake.

Nikamwuliza, na yale maneno ya mwanamume asiyelala kwake? Akasema hakuwa anamsema mwanawe. Alikuwa anamsema mume wake, marehemu, aliyeoa wa pili mwaka ule ule kizazi chake kilipotoka.

Nilisubiri atabasamu, nijue ni hila. Hakutabasamu. Aliniomba nisimwambie mwanawe.

Nikampeleka mjini kwa lori la mkaa, akakaa mbele na dereva kwa heshima ya uzee wake. Mama Verediana aliposikia habari ya pete alitusema sote wawili, sauti ikafika mpaka barazani: kila mwanamke na yake, haiazimwi kama chungu. Akampima, akampa ya saizi yake kubwa. Tulipokuwa tunangoja lori la kurudi, mama mkwe alinunua ndizi mbivu, akamenya moja akanipa. Nikaila. Nataka ujue kwamba niliila bila kuinusa kwanza.

Hivyo ndivyo tulivyo sasa. Sijapona. Jioni bado kuna uzito, na mwezi huu pete ilinichubua ikabidi nikae bila yake wiki nzima na kupaka dawa. Daktari yule kijana akanitajia tena kisu, nikamwambia bado, na mama Verediana akamtafsiria neno langu lote, nililisikia lilivyokuwa refu. Kama nitazaa tena sijui. Naogopa, na baba Yustina anaogopa, lakini sasa tunaogopa tukiwa chumba kimoja.

Yustina ametimiza miaka kumi na sita, na watu wa Tosamaganga wamekwisha tuma mjumbe kumwulizia. Ana mwendo wako, anakanyaga kama mwenye haraka.

Nakuahidi jambo moja. Krismasi nitakuja naye Mbeya, sisi wawili tu. Nitakaa naye pale ulipolala na nitamweleza yote kwa sauti, yaliyonipata mimi, uliyoyafanya wewe, niliyoyadhani, na zile siku nane nilizopalilia. Nitamwambia akizaa akae ndani mpaka mwili urudi, hata mahindi yakimezwa, na kwamba nitakuja kumlimia mimi kwa nguvu nilizobakiwa nazo. Na hakuna mtu, hata mimi mama yake, atakayemficha habari ya mwili wake kwa kumhurumia. Ulinihurumia, Mama. Huruma hiyo ilininyima kukuona uso kabla hujazikwa.

Ulikuwa na neno na mimi, yule dereva alisema. Nadhani ni hili. Nadhani. Lala, Mama, nisamehe kwa kuchelewa, na mimi lile dole nimekusamehe.

Mwanao,
Bupe